Mikono Juu ya Mlango wa Kanisa

Mwenyekiti alimwita mara tatu, na mara zote tatu Avelina aliendelea kulainisha saruji. Mwenye shida na fundi aliye juu ya jukwaa, ngazi ipo.

Shida yenyewe mtaa mzima wa Katandala uliijua. Juu ya mlango wa kanisa jipya Avelina alikuwa amechonga wanawake saba wa Kifipa, wamechuchumaa, viganja vimekutana, wakisalimia kwa makofi kama anavyosalimiwa mkubwa. Kamati ya ujenzi ilitaka malaika. Malaika wenyewe walikuwa wameshaonekana dukani Dar es Salaam, weupe pe, tayari kubandikwa. Cleophas, mwenyekiti wa kamati, akatoa neno la mwisho: kabla ya Jumapili ya kufungua kanisa, wale wanawake wavunjwe.

"Wageni wanatoka mbali," alisema. "Watatuona washamba."

Avelina ana miaka sitini na mitatu na ushamba haujawahi kumtia aibu. Alizaliwa kijijini Kaoze, akakulia kwenye mahindi. Uchongaji alifundishwa na Mwingereza mmoja, mchonga sanamu za majengo, aliyekuja misheni akafungua darasa la ufundi. Lilikuwa darasa la wavulana. Avelina alikuwa mpeleka maji ya kuchanganyia saruji. Siku moja akapeleka maji na hakutoka. Mzee yule alimfundisha patasi, vipimo na uvumilivu, ila mikono iliwagombanisha. Yeye alitaka ile ya vitabuni kwao, vidole vimenyooka kama mishumaa.

"Hakuna mtu Ufipa mwenye mikono hiyo," Avelina alimwambia, akafukuzwa wiki nzima. Aliporudi alichonga mikono ya mama yake. Mwalimu aliitazama weee, kisha akavua kofia.

Tangu hapo amepamba maduka ya Majengo, shule na misalaba ya makaburini, na bandani kwake amefundisha mafundi hadi majina yanampotea. Sheria yake ni moja, na wanafunzi wanaichukia: mkono usioushika, huuchongi. Picha ya simu marufuku. Unakwenda kwa mwenye mkono, unachuchumaa, unasalimia mpaka aridhike, ndipo unamwomba.

Mwanafunzi wake Minza, binti wa wafugaji wa Kisukuma, alipotumwa kwa bibi mmoja Kaoze, alisema "Shikamoo, bibi" akiwa wima, basi. Bibi akaendelea kupepeta mahindi yake kana kwamba hapakuwa na mtu. Minza alilala kwa jirani siku mbili bila kujua kosa lake. Siku ya tatu alichuchumaa, akapiga makofi, na bibi akampa mkono, akampa na ugali.

Ijumaa hiyo alipomwita Avelina mara tatu, Cleophas alikuwa amekuja na nyundo, pamoja na Marselino wa kuipiga. Marselino alitazama juu, akamwona aliyemfundisha kazi, akarudisha nyundo.

"Mwalimu wangu simvunjii, mzee. Nisamehe."

Hapo ndipo Avelina alipogeuka.

"Mkivunja, nitachonga tena," alisema. "Mkibandika malaika wenu, hawa nitawachonga ukutani kwangu, wakubwa kuliko hapa, wakitazama barabara. Lakini anayevunja apande mwenyewe. Panda, mwenyekiti!"

Watu walikuwa wamejaa uwanjani. Cleophas akapanda na suti yake. Avelina angeweza kumwambia kitu, na hakumwambia. Hakuwa tayari kuwaombea wanawake wake huruma.

Sanamu zilikuwa usawa wa magoti ya aliyesimama jukwaani, hivyo ili kupiga ilimbidi achuchumae. Akachuchumaa, akainua nyundo juu ya mwanamke wa tatu, na mkono ukaganda hewani. Kidole gumba kilikuwa kimepinda kwa nje. Kilivunjwa na mchi zamani, kikaunga vibaya, na ndicho kilichokuwa kikimfunga vifungo vya shati la shule. Mwenye kidole walimzika Machi mwaka jana.

"Nani alikuonyesha mikono ya mama yangu?" aliuliza.

"Muulize Minza. Alikaa siku tatu ili amsalimie."

Cleophas alikuwa akimsalimia mama yake kwa simu tu, na hilo Kaoze wote walilijua. Akabaki amechuchumaa, machozi yanamtoka mbele za watu. Kisha akaweka nyundo ubaoni, maana kwa mkono wenye nyundo makofi hayapigwi, akakutanisha viganja, akapiga taratibu.

Avelina aliivuta nyundo upande wake.

"Hii inabaki kwangu," alisema. "Minza, lete saruji. Huyu wa saba bado kidole kimoja."