Bakuli la Afande Obwona

Hajati Mahfudha ana ulimi mkali na miguu isiyochoka, na mimi Rumaisa, ninayebeba naye ndoo ya uji, nimeonja vyote viwili. Kila asubuhi tunateremka kutoka kilima cha Kibuli hadi mtaa wa Kisugu kugawa uji wa chama chetu cha kulisha wazee, kilichoanzishwa na bibi zetu. Hatumuulizi mtu anaswali wapi. Mwenye njaa ni mwenye njaa.

Utaratibu wetu ni wa zamani. Kila mzee ana bakuli lake la bati mlangoni. Tunamimina uji, tunafunika, tunaenda zetu, maana wengi hawapendi kuonekana wakipokea. Akishakula, mzee analiosha na kulifudikiza kizingitini. Bakuli lililofudikizwa ni salamu: mimi mzima. Tukilikuta chafu, halijafudikizwa, tunabisha.

Afande Obwona, polisi mstaafu kutoka kaskazini, anaishi peke yake tangu mkewe Abalo afariki. Marehemu Abalo alikuwa na usafi wa kukera. Alisugua bakuli kwa majivu mpaka unajiona uso. Mumewe, Mungu amsamehe, analimwagia maji tu na kulipindua, kingo bado zina ukoko wa uji. Mahfudha alikuwa akimgombeza kupitia dirisha, naye anacheka humo ndani.

Asubuhi moja ya masika tukakuta bakuli linang'aa.

"Leo Afande ameamka na akili," Mahfudha akasema. Tulicheka, tukamimina, tukaenda.

Kesho yake liling'aa tena. Mahfudha alilinusa, akanipa nami ninuse. Majivu. Nikasema labda amejifunza. Yeye alitazama pembeni mwa ukuta, mahali Abalo alipokuwa akiweka sigiri yake ya makaa. Afande aliigawa sigiri ile baada ya matanga, kwa kuwa hapiki. Nyumba ile haikuwa na majivu.

"Afande!" akaita. "Afande Obwona, cheka basi!" Kimya.

Sioni haya kusema kwamba nilitaka kuondoka. Bakuli lilikuwa limefudikizwa. Kwa utaratibu wetu mzee alikuwa mzima. Mahfudha akasema utaratibu anaujua, lakini mkono uliosugua bakuli lile si wa Obwona. Akamwita Kakule, seremala Mkongomani wa jirani, avunje mlango. Ulikuwa umekomewa kwa ndani.

Afande alikuwa sakafuni kando ya kitanda, nyonga imevunjika, midomo imepasuka kwa kiu. Tangu aanguke hakuwa amepata hata tone la uji. Mahfudha akapiga magoti, akamlowesha midomo kwa ncha ya mtandio wake.

"Mimi nilisema, Abalo, wacha bakuli chafu, Hajati ataona," Afande akanong'ona kwa Kiswahili chake cha kambini. "Yeye nakataa. Yeye naosha tu. Yeye nasema mimi nimekawia sana huku, twende."

Kakule anashikilia kwamba ni mbwa aliyelamba uji. Haya. Mbwa wa Kisugu siku hizi wanasugua vyombo kwa majivu na kuvifudikiza.

Afande alilazwa muda mrefu, akarudi na mkongojo, akakataa katakata kuhamia kwa binti yake. Basi Mahfudha akamtungia amri yake peke yake: usioshe tena, liache chafu, nitaliosha mimi. Sasa kila asubuhi tunatafuta uchafu ule tukiwa bado mbali. Tukiuona, Mahfudha anasema alhamdulillahi, kisha anamtukana Afande kidogo, kwa mapenzi.

Leo bakuli liling'aa.

Mimi nilibaki njiani. Mahfudha akatua ndoo, akasogea mpaka mlangoni, wala hakumwita Obwona.

"Abalo, dada yangu," akasema, na sauti yake, ambayo sijawahi kuisikia ikitetemeka, ilitetemeka. "Mwache. Nakuomba. Bado tunampenda huku."

Tulingoja. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Kisha tukasikia mkongojo ukigonga sakafu, polepole, ukija. Komeo likavutwa, mlango ukafunguka kidogo, na uso wa Afande ukatokea, umechoka.

"Hajati," akasema, "yeye amesikia. Yeye nasema atangoja."