Kengele ya Dereva

Dereva wetu wa basi dogo, anayepandisha watembeaji Aralar, milima yetu sisi Wabaski, ana kengele ya kondoo inayoning'inia kwenye kioo chake. Kila kona huibana kwa vidole viwili isilie, mkono wa pili ukizungusha usukani taratibu, kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Maddi, muuza jibini, hachoki kumchokoza: "Mzee, kengele bubu ya nini? Si uitupe!" Naye hujibu kwa sauti ya chini, "Iache, dada. Haijaitwa kazini."

Jumapili moja tulikuwa tukiwangoja watembeaji wawili pale barabara inapoishia, ukungu ukashuka, mzito, hata pua ya basi hatuioni. Tukawasikia wakiita kutoka ng'ambo ya korongo. "Piga honi waje!" Maddi akalia. "Nikipiga, wataifuata honi moja kwa moja," dereva akasema, "na hapo katikati kuna shimo." Akawapigia ukelele wasisogee. Akaifungua kengele, akashika njia ya kondoo inayozunguka korongo, akiitikisa kila hatua tatu. Mimi nilishika rozari yangu nikisikiliza mlio ukififia, hadi ukapotea. Nilikuwa nimefika fungu la tatu la sala za rozari mlio uliporudi, na nyuma yake watu wawili wakicheka na kulia kwa pamoja.

Maddi alimkatia jibini, kipande kikubwa. Dereva akaitundika kengele, akawasha gari, na kwenye kona ya kwanza akaibana kwa vidole viwili.