Mvulana wa Tatu

Nilikuwa msichana wa miaka tisa, tunaishi Munigi, chini ya volkano, mama alipojifungua mvulana wa miezi saba. Alikuwa mdogo mno. Koko, mama yake baba, alimfunga ndani ya kitenge chake, ngozi kwa ngozi, akashinda naye hivyo mchana kutwa ili apate joto.

Sisi Wanande jina la mtoto halitafutwi, linafuata mstari wa kuzaliwa, wavulana wakihesabiwa peke yao na wasichana peke yao. Kaka zangu wawili walikuwa Paluku na Kambale, kwa hiyo huyu wa tatu alikuwa Kasereka hata kabla hajalia. Lakini koko alituonya. Mtoto ambaye kitovu chake hakijaanguka, alisema, hajaamua kama atabaki. Ukimwita jina lake, waliotangulia kufa watalisikia, nao watamwita kwao.

"Mumuite mugeni tu," alisema. "Kitovu ikisha kuanguka, ndio atakuwa mutu."

Siku ya nne koko alikwenda kuoga, akaniwekea mtoto kifuani. Tulikuwa wawili tu chumbani. Alikuwa akipumua, anasita, halafu anapumua tena, na kila aliposita nami nilizuia pumzi yangu. Mara moja akakawia sana. Sikujua la kufanya. Nikainama sikioni kwake nikamwita, "Kasereka."

Akavuta pumzi. Akafungua macho.

Kesho yake asubuhi alikufa.

Jirani mmoja aliyekuja kusaidia alimkataza mama kulia. Kumlilia mtoto asiye na jina, alisema, hufunga tumbo. "Haikukuwa mutu bado, mama Paluku. Utazaa mwingine."

Mama aligeukia ukuta wa mbao. Nilitazama mgongo wake, nikajua kwamba mimi ndiye niliyemwua mwanawe.

Nyuma ya nyumba baba alikuwa akichimba kwa mtalimbo. Udongo wetu ni mawe ya volkano, kwa hiyo hata kaburi dogo namna ile lilimchukua muda mrefu, na kila pigo lilisikika ndani. Hakuna aliyekwenda kumwita padri. Koko alikuwa ameketi jikoni, amempakata mtoto. Nikamsogelea.

"Koko, mimi nilimuita."

"Ulimuita nani?"

"Mutoto. Nilimuita Kasereka, jana, wakati ulienda kuoga."

Nilingoja kofi. Koko akauliza, "Alifanya nini?"

"Alifungua macho. Aliniangalia."

"Basi alisikia." Akanivuta, nikaketi ubavuni kwake. "Hapana wewe ulimuua, Masika. Alizaliwa mbele ya wakati. Mi nilizika wawili kule Butembo, na kila mumoja nilimuita jina yake, polepole, mutu asinisikie."

"Na ile unasemaka, eti hawajakuwa watu?"

"Ile ni ya kutusaidia kuamka kesho yake na kwenda kulima."

Kisha akainuka, akaingia chumbani, akamweka mtoto mikononi mwa mama. "Mulilie mutoto wako," akamwambia. "Ni Kasereka."

Mama alilia mpaka baba akaacha kuchimba. Jirani alitoka nje, nikadhani amekasirika. Baada ya muda akarudi na wanawake wengine watatu, wamejifunga vitenge kiunoni, wakaketi sakafuni na mama.

Mimi sikuwahi kuicheka imani ile, hata nilipokua na kusoma. Iliwekwa na wanawake waliokuwa na makaburi madogo mengi na shamba lililokuwa likingoja. Nimesikia pia watu wakibishana mtu anaanza kuwa mtu lini: tumboni, akivuta pumzi, akipewa jina. Najua tu kwamba nilimwita mtu, akageuka kunitazama, na kwa miaka mingi nimeshukuru kwamba angalau mara moja katika maisha yake aliitwa.

Miaka miwili baadaye mama alizaa mvulana mwingine, mzito, mwenye kelele. Kitovu kilipoanguka, baba, ambaye pengine alitaka kusahau, alisema sasa tumempata Kasereka.

"Hapana," koko akasema. "Kasereka tulimuzika. Huyu ni Kakule."

Kakule, wa nne. Leo ana watoto wake, na mtu akimwuliza ana kaka wangapi, hujibu watatu.