Mmea Uliotaka Kuitwa Jina Langu

Naikumbuka siku moja, mwanangu, mume wangu Gervas aliporudi nyumbani kwetu Lipangalala na mtungo wa samaki, perege, mkononi. Hakunipa. Aliutundika kwenye msumari wa mlango, akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa ile sauti ya chini ya mtu anayejizuia:

"Leokadia, huyo daktari wa majani umempa nini huko mlimani, hata yeye akupe jina?"

Nilikuwa nakoleza moto. Nikadhani anatania. Nilipoinua uso nikamwona, nikajua utani haumo.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Wakati huo ndoa yetu ilikuwa bado changa, hatujajaliwa mtoto. Gervas alikuwa fundi baiskeli pale sokoni Ifakara, na baiskeli ndiyo iliyokuwa gari la bonde zima, kwa hiyo kila mtu alipita kwake, na kila aliyepita aliacha neno. Mimi nilipata kibarua kwa watafiti wa mimea waliotoka chuoni. Kazi yangu ilikuwa kukausha majani: kuyalaza kati ya magazeti, kuyabana kwa mbao, na kubadilisha magazeti yakilowa. Mkubwa wetu aliitwa Daktari Festo, mtu wa makamo, mwembamba, msahaulifu wa kila kitu isipokuwa mimea. Angeweza kuvaa shati kinyume mpaka jioni asijue.

Msimu ule walihitaji mikono zaidi, wakanichukua nipande nao milima ya Udzungwa, mimi na mpishi wetu Mama Tabu. Gervas aliniruhusu, ingawa kwa mdomo mzito. Tulipandia upande wa Mang'ula. Enzi hizo nilikuwa na miguu, usinione hivi. Msitu ulitumeza, ukaja kututema juu kabisa kwenye nyasi fupi, na baridi ambayo sisi watu wa bondeni hatukuzaliwa nayo. Huko, kando ya mwamba unaotoa maji, nikateleza nikakaa kitako. Nilipotaka kuinuka nikaona chini ya kiganja changu kimea kinachotambaa, kimejishika ardhini kama mkeka, kila pingili imeotesha mzizi wake. Jani lake halikuzidi punje ya mchele. Na kiua chake cheupe chenye michirizi ya zambarau, usipoinama hukioni.

Nikampigia Daktari kelele aje. Alipiga magoti, akatoa kioo chake cha kukuzia, akakitazama kiua kwa karibu.

"Huu siujui," akasema. "Kama kweli ni mpya, Leokadia, tutauita kwa jina lako. Wewe ndiye uliyeuona."

Nilifurahi, kwa nini nikudanganye? Tuliposhuka, Mama Tabu alimwambia kila aliyekutana naye. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini hawakusema kwamba likifika sokoni huwa limeota pembe. Vijana wakamletea Gervas matairi yao na huku wanamchokoza: "Fundi, mwenzio kampa mkeo ua lenye jina. Wewe umempa nini? Pampu?"

Siku hiyo ndipo aliporudi na wale perege.

Tangu jioni ile nyumba yetu iligeuka mahakama. Mahema yalikuwa mangapi? Nililala karibu na nani? Nani alinishika mkono tulipovuka kijito? Kwa nini nilimwita Daktari, nisimwite Mama Tabu? Nikijibu upesi, kwake nilikuwa nimejiandaa. Nikichelewa, nilikuwa natunga. Asubuhi moja nilimkuta ameshika kanga yangu ya safari, anainusa. Aliponiona aliirudisha kambani, akajifanya anatafuta taulo. Siku hiyo sikumkasirikia. Nilimwonea huruma, kisha nikaogopa.

Wivu ni kidonda, mwanangu. Ukikishika sana hakiponi, na mwenzio akikugusa tu, unaona amekupiga.

Basi, wakati sisi tunateseka na jina, kumbe jina lenyewe limeingia mashakani. Wenzake Daktari chuoni walitazama majani tuliyopeleka, wakasema huo si mmea mpya. Ni uleule unaojulikana kwenye milima mingine, ila huku umedumazwa na baridi. Daktari akabisha. Akasema mbegu ndizo zitakazotoa jibu, nasi tulikuwa tumechuma maua tu. Ikapangwa safari nyingine ya kwenda kutafuta mbegu, akaniomba niwaonyeshe ule mwamba.

Nilimwambia Gervas nikidhani habari zitamtuliza. Wapi!

"Kumbe hata mmea haupo!" akasema. "Ilikuwa njia ya kukurudisha kwake. Leokadia, ukipanda tena ule mlima, usirudi kwenye nyumba hii."

Sikupanda mlima, wala sikubaki nyumbani. Nilifunga nguo zangu nikaenda kwa mama yangu kijijini Michenga, nikashika jembe lake. Mama alinionyesha tu majaruba ya mpunga yaliyokuwa na magugu.

Sasa sikiliza hapa, maana mpaka hapa unaweza kudhani wivu ulikuwa wa Gervas peke yake. Siku moja jirani yetu alirudi kutoka mjini na salamu, na chini ya salamu ana jambo. "Mumeo hajambo," akasema. "Anakula vizuri. Yule Mwajuma muuza wali humpelekea sahani hadi pale pale kazini."

Mwanangu, niliondoka na matope miguuni. Nilichukua baiskeli ya mama, na ile njia yote sikuiona. Nilichokiona ni sahani. Nilimwona Mwajuma anaifunua, anacheka, anamwongezea mchuzi. Nilimwona Gervas analamba vidole. Nilimaliza kesi, nikatoa na hukumu, kabla sijafika mjini. Na nilipofika, kweli, nilimkuta ameketi kwenye kigoda na sahani mapajani.

"Anapika kunishinda?" nikamwuliza. Hakuna shikamoo kwa wazee waliokuwepo, hakuna habari za kazi.

Gervas akasimama, wali ukamwagika. "Wewe ndiye wa kuniuliza? Mwenye ua ni nani?"

Watu wakaanza kusogea. Hapo ndipo mkono wenye nguvu uliponishika begani. Alikuwa Shangazi Prisila, dada wa marehemu baba yake Gervas, ndiye aliyemlea, na alikuwa amekuja kuziba pancha. Hakupaza sauti. "Nyumbani," akasema. "Wote wawili. Na wewe Gervas, okota hiyo sahani ya watu."

Tulipofika kwake alituketisha kwenye mkeka mmoja kama watoto waliopigana. Akaanza na mpwa wake.

"Huo mmea umeuona?"

"Hapana, Shangazi."

"Huyo daktari umewahi kuzungumza naye?"

"Hapana."

"Unamfahamu nani basi katika maneno haya, kama si mkeo?"

Gervas akatazama mkeka. Nami nikaanza kujisikia vizuri, mpaka aliponigeukia.

"Nawe usitabasamu. Mwajuma anawapelekea chakula mafundi wote wa pale, vijana kwa wazee. Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza, Shangazi."

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mnapendana, hilo kipofu anaona. Lakini kila mmoja anakaa peke yake anapika uongo, kisha anaula mwenyewe, kisha anaumwa tumbo, kisha anamlaumu mwenziwe." Akamgeukia tena mpwa wake. "Gervas, hiyo safari ya mlimani, kama bado haijaondoka, wanahitaji wapagazi?"

"Nadhani, Shangazi."

"Utabeba mzigo. Ukauone huo mmea kwa macho yako."

Tukapanda wote. Njia nzima Gervas alibeba gunia la vyombo vya Mama Tabu, macho hayabanduki kwa Daktari. Na alimwona alivyo: mtu anayepiga chafya, anayepoteza miwani iliyo kichwani mwake, anayeniita "Leonida" na "Leokardi" kwa kuchanganya, na ambaye jioni alimwambia Mama Tabu habari za wajukuu wake mpaka mama wa watu akasinzia.

Tulipofika kwenye mwamba, Gervas aliuliza, "Uko wapi?"

"Umeukanyaga," nikasema.

Akainua mguu. Akainama, akatazama, akainama zaidi. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye majimaji. "Hiki?" akasema. "Nimemfukuza mke wangu kwa kitu ambacho hakimshibishi hata sungura?" Kisha kicheko kikageuka kitu kingine, akafuta uso kwa mkono wa shati. Nikaketi kando yake.

Mbegu zilipatikana, chache. Gervas akamwuliza Daktari, "Sasa ni mpya au si mpya?"

"Sijui," Daktari akajibu. "Mbegu hizi zinafanana na za ule wa zamani, lakini si sawasawa. Mwingine atasema tofauti hii yatosha, mwingine atasema haitoshi."

"Na jina la mke wangu?"

"Litasubiri."

Unajua kilichotokea? Gervas alikasirika! Tangu siku ile alianza kuuonea wivu ule mmea kwa namna nyingine, wivu wa mwenye mali. Mtaalamu yeyote aliyepita Ifakara na baiskeli mbovu alitengenezewa huku anahojiwa. Mmoja alithubutu kusema ni mmea wa kawaida tu uliodumaa, Gervas akamwambia, "Wewe umeuona? Umepiga magoti? Basi usiuseme." Na spoku za gurudumu hakumwekea.

Daktari Festo alifariki swali halijajibiwa. Gervas naye amelala makaburini, Mungu amrehemu, baada ya maisha marefu pamoja nami. Juzi mjukuu wangu alitafuta kwenye simu, akaniambia bado wanabishana: wengine wanauhesabu peke yake, wengine wanauunganisha na ule mwingine. Mimi sina haraka. Uko kule juu unatambaa, na jina haliupunguzii wala haliuongezei umande.

Lakini watu si majani, mwanangu, ndiyo maana nimekuketisha hapa. Mmea unaweza kukaa miaka na miaka katika shaka usife. Ndoa haiwezi. Moyo ukikuuma juu ya mwenzio, mwulize siku hiyohiyo, kwa sauti ya kawaida, na umsikilize mpaka amalize. Usiwape watu wa sokoni kazi ya kukueleza mke wako au mume wako. Usimhukumu mtu ukiwa njiani hujafika. Na ukiulizwa wewe, usione umetukanwa. Jibu, na ikibidi mshike mkono umpeleke akaone. Wivu kidogo kila apendaye anao. Usiutimue, ila usiupe kiti cha mbele.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mwenzi unayeweza kumwuliza jambo lolote, na ulimi mpole wa kuuliza. Nyumba yako iwe na vicheko hata siku za njaa, na mzeeke pamoja mpaka msahau mliwahi kugombania nini. Amina.