Mwaka ambao movie moja ilichukua nambari moja na nambari mbili Laini Saba

Wakuu, salamu kutoka Kitale.

Mvua imenifungia gesti tangu asubuhi na simu iko na chaji. Nimesoma ule uzi wenu wa kupanga movie bora za mwaka mpaka nikafika mahali mmeanza kutukaniana wazazi.

Sisi tulipanga zetu bila matusi. Ama tuseme matusi kidogo tu.

Ngoja niwape ya mwaka wa tisini na sita, kwetu Laini Saba, Kibera. Naisimulia vile ilivyokuwa, na kama humu kuna mtu aliyekalia zile benchi za Shem, aninyooshe mahali nitapinda.

Shem alikuwa fundi wa redio, na mchana wa Jumapili alikuwa na video. Video ndivyo tulivyoita ile nyumba ya mabati kando ya reli, TV moja juu ya meza, benchi, na pazia la blanketi mlangoni. Watu wengi hawakuwa wanasikia Kiingereza, kwa hivyo Shem alisimama kando ya TV akitafsiri. Kiingereza alikuwa anasikia nusu. Hiyo nusu ingine alijaza mwenyewe, na ndiyo tulikuwa tunaendea.

Treni ikipita, anabonyeza pause. Tunangoja mabati yaache kutetemeka, tunajadiliana jambazi ni nani, halafu movie inaendelea.

Kaseti zenyewe zilikuwa zimefutika majina, kwa hivyo tulizibatiza. Mwaka huo tulikuwa na Daktari wa Ngumi, Mapacha wa Benki, Bibi Harusi wa Helikopta. Na Koti.

Desemba, kabla watu hawajaanza kufunga mizigo ya kwenda ushago, kijijini kwao, tulikuwa tunapiga kura. Kila movie inapewa mkebe wa mafuta ya kupikia, na kila mtu anapewa kifuniko kimoja cha soda akatumbukize anapotaka. Nilikuwa Form Three na mkono wangu ulikuwa mzuri, kwa hivyo kazi ya kuchora mikebe ilikuwa yangu, ndio hata asiyesoma ajue ni movie gani. Ngumi. Helikopta. Koti.

Sasa hii Koti.

Ni kijana wa huko Ulaya anaenda vitani. Mama yake anamvisha koti la marehemu baba yake. Vita inaisha, hana nauli wala kiatu cha maana, anaanza kutembea kurudi nyumbani kwa barafu. Movie yote ni huyo mtu anatembea. Anafika kwa mlima, anaona moshi wa kwao kwa mbali, na hapo kaseti yetu inaisha. Mashine ilikuwa imetafuna kipande cha mwisho. TV inabaki chenga tupu.

Basi Shem alizima sauti ya chenga akatumalizia kwa mdomo.

Kijana anashuka mlima. Anabisha. Mama anafungua, haulizi ulikuwa wapi, haulizi mbona hukuandika. Anauliza, "Umekula?" Halafu anamvua koti, analitundika kwa msumari nyuma ya mlango.

Kila mara chakula kilibadilika. Siku moja ni kuku, siku ingine ni mrenda. Watu walikuwa wanabishana. "Shem, wiki jana ilikuwa kuku!" Na yeye, "Kuku iliisha, bwana. Si ulikula wewe?"

Hapa lazima niwaambie kuhusu mama yangu.

Alikuwa analima sukuma wiki kwa kashamba kadogo Silanga, karibu na dam, na kuuza soko la Toi. Video hakuwa anapenda. Alisema ni kelele za watu wasio na kazi. Lakini alikuja siku moja kunitafuta, akakuta Koti iko katikati, akasimama kwa blanketi mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, Shem akiandika Koti kwa ubao, mama anatoka kanisani moja kwa moja na leso yake ya kichwa, anakaa benchi ya mbele.

Ndugu yangu mkubwa, Jafeth, alikuwa ameenda na malori. Turnboy, msaidizi wa dereva. Walivuka mpaka kuelekea Zaire, tukaletewa salamu na dereva mwingine, halafu kukawa kimya. Miaka. Na mtaani mama aliitwa Mama Jafeth, kama kawaida ya mama na kifungua mimba. Kila jirani aliyemsalimia alikuwa anamtajia huyo huyo mtoto, asubuhi na jioni.

Kwa hivyo mtaelewa kwa nini hakuna aliyemcheka akija kuona mzungu mmoja akifika nyumbani tena na tena.

Shida ilianzia Toi. Kulikuwa na jamaa anaitwa Njuguna, baba yake alikuwa na ploti za kupangisha Kawangware, na kwa ploti moja Njuguna alifungua video yake yenye TV kubwa. Alikuja kuchagua jeans karibu na pale nilipokuwa namsaidia mama kuuza, tukagombania moja, halafu tukaanza stori za movie. Nikamwambia sisi mwaka huu ni Koti, haina mpinzani, vile jamaa anafika kwao.

"Anafika wapi?"

"Kwao. Kwa mamake."

Njuguna alicheka mpaka mwenye jeans akamuuliza kama ananunua. "Wasee wa Kibera! Mnapanga movie hamjamaliza kuona? Mimi nilinunua kaseti nzima kwa duka, tao. Jamaa hafiki popote."

Mama alikuwa hatua chache, anafunga sukuma. Hakuinua kichwa.

Kabla nimnyamazishe, Njuguna alikuwa ameshatangazia soko lote. Jumapili ya kura atavuka na kaseti yake na watu wake, ili Laini Saba ione mwisho kwa macho.

Mtaa ulifurahi kama kuna mechi. Ni Shem tu ambaye hakufurahi. Nilimkuta ameinamia redio.

"Eliud, mamako atakuja?"

"Alishawahi kukosa?"

"Mwambie kuna kikao cha akina mama kanisani."

Nilimwambia. Mama akanitazama akisema, "Kanisa ndiko natoka."

Siku ikafika. Kawangware walikuja kikosi kizima, wamevaa vizuri, Njuguna mbele na kaseti kwa mfuko wa karatasi. Vijana wa kwetu wakawapokea na maneno. "Karibuni, wenye ploti! Hapa hatulipishi rent kwa benchi!" Njuguna akajibu, "Hata mngelipisha, kwani hii ni benchi?" Tukacheka. Mama alikuwa amekaa pale pale mbele.

Shem aliweka kaseti ya Njuguna, akatafsiri vizuri siku hiyo kuliko siku zote. Vita, koti, njia, barafu. Tukafika kwa mlima. Moshi ukaonekana.

Treni ikaja.

Shem akabonyeza pause. Yule jamaa akasimama kwa TV akitetemeka na mabati, moshi wa kwao mbele yake. Kwa kawaida hapo ni kelele. Siku hiyo watu walitazama moshi. Treni ilipopita, Shem aliacha kidole juu ya kitufe mpaka mtu wa nyuma akakohoa.

Akabonyeza.

Kijana alipiga hatua kidogo, akaketi kwa barafu. Akalala chini, akajivuta ndani ya koti. Barafu ikaendelea kuanguka. Kamera haikuondoka.

"Sasa hapa," Shem akasema, "amechoka. Ni safari. Amelala kidogo tu, akiamka..."

"Shem."

Ilikuwa sauti ya mama.

"Naam, Mama Jafeth."

"Mtu akilala mimi namjua. Huyo hajalala. Sema vile iko."

Shem aliangalia TV, akaangalia sakafu. Nikaona mdomo wake unatafuta chakula cha kuweka mezani, hakuna.

"Amekufa, mama. Hakufika."

Koti lilifunikwa lote likawa jeupe, na majina yakaanza kupanda. Njuguna alikuwa ameshika mfuko wake wa karatasi, anaukunja. Akainama kwa mama, polepole, "Pole, mathe. Mimi sikujua kuna mtu..."

"Umenikosea nini? Si ni sinema."

Tulipanga mikebe kwa meza. Niliona watu wanashika vifuniko bila kusogea, kila mtu anamngojea mama aanze. Mama aliinuka, akapita Daktari wa Ngumi, akapita Helikopta, akasimama kwa Koti. Akauchukua ule mkebe, akauangalia mchoro wangu.

"Eli. Kalamu iko?"

"Iko."

"Lete mkebe mwingine. Hizi ni sinema mbili."

Shem akasema, "Mama, ni ile ile moja."

"Ni mbili. Ya huyu kijana wa Kawangware, mwisho umeonekana. Huyo mama akiletewa habari, atalia, atazika, basi. Mimi sijaonyeshwa mwisho wa mtu wangu. Mimi nabaki na yako."

Akanigeukia. "Hapa chora koti kwa barafu. Na hapa chora koti kwa msumari."

Nikachora. Msumari ukatoka umepinda, mtasamehe.

Mama akatumbukiza kifuniko chake kwa msumari. Akafuata Shem, halafu benchi yote ya mbele. Halafu Njuguna, na maneno yake yote, akaja akazunguka meza kama mtu anayefikiria sana, akaweka kwa msumari. Vijana wake wakampigia mluzi. "Msee, si ulikuja kutuaibishia hawa?" Akawaambia wanyamaze, wapige kura.

Matokeo ya Laini Saba, mwaka wa tisini na sita:

Nambari moja, Koti kwa msumari.
Nambari mbili, Koti kwa barafu.
Nambari tatu, Bibi Harusi wa Helikopta, na hiyo mpaka leo napinga. Ni Mapacha wa Benki walistahili.

Jafeth hatujasikia habari zake mpaka leo. Mama alirudi ushago, na anaitwa jina lile lile.

Mimi nami nimekuwa mtu wa njia. Nimelala Mwanza, Juba, Moyale, hapa Kitale, na kila kazi naiacha nikiwa bado naipenda. Lakini nilijifunza kitu kwa ile benchi, na ndicho nawaachia: kama unatembea sana, usimwachie mtu wa kwenu kazi ya kujitungia mwisho wako. Piga simu. Ama fika.

Mimi hufika. Naingia na matope, mama haulizi nilikuwa wapi. Anauliza nimekula. Halafu anachukua jaketi langu.

Nyuma ya mlango wake kuna misumari miwili. Hajawahi kulitundika kwa ule wa kwanza, wa Jafeth.

Basi, wakuu, uwanja ni wenu. Mtaani kwenu mlikuwa na video ya nani, na nambari moja ilikuwa ipi? Na Njuguna, kama uko humu, bado nakudai ile jeans tulikuwa tunabishania. Ilikuwa size yangu.