Mfereji Usiokuwa Kwenye Ramani

Mfereji wetu ulishuka kutoka Mlima Meru ukimwagilia migomba ya majirani wote. Kila Jumamosi tuliuzibua pamoja, na asiyefika alitozwa debe la pombe ya ndizi. Enzi za ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, tajiri mmoja wa mjini alinunua shamba lililo chini yetu, akajenga ukuta kukatiza mfereji. Baba alipokwenda kulalamika, yule bwana alikunjua ramani ya kiwanja chake. “Mzee, hapa hakuna mfereji.” Masika, maji yalikosa njia yakajaa jikoni kwetu. Ukuta wake nao ulipopata ufa, alimtuma mlinzi aje kutuuliza kwa nini Jumamosi iliyopita hatukuzibua mfereji.