Kaskazi Aliyoondoka Bi Mize

Nikiwa bado mtoto, umri ule msichana anapokabidhiwa kijindoo chake na kuambiwa afuate wenzake mtoni, tulikaa juu ya bonde la mpunga, si mbali na Mtambile. Mto wetu mgeni angeuita kijito, lakini hatukuwa na mwingine. Masika ulifurika hadi kwenye mpunga, kipupwe ukatulia, vuli ikauongezea nguvu kidogo, na kaskazi ikiingia ukakonda hata tukauvuka bila kukunja nguo. Ndivyo ulivyokuwa, wala hakuna aliyeshangaa.

Pale chemchemini maji yalipoanzia, penye miti isiyokatwa, palikuwa na mwenyewe, mzimu wa maji. Hatukumtaja kwa jina. Tuliambiwa tu kwamba hapendi masizi: chungu cha jikoni kikitumbukizwa mle, yeye huhama, na maji humfuata.

Mwaka mmoja, katika ile miaka ya mwisho ya Mwingereza, vuli haikunyesha. Kaskazi ilipopamba moto mto ulikuwa madimbwi, kisha mchanga mtupu. Wanawake walifukua mashimo, wakakaa juani kungoja maji yajikusanye, wakayateka kwa kata, kidogo kidogo. Mama alirudi na mtungi usiojaa, akaketi kizingitini, hata salamu haitikii. Uchovu ule naukumbuka kuliko kiu yenyewe.

Aliyechoka hutafuta sababu. Jirani yetu Bi Zuwena alikumbuka kwamba alimwona Bi Mize pale chemchemini na chungu.

Bi Mize alikuwa mke wa Ami Hamadi, mdogo wake baba. Aliolewa kwetu kutoka Vitongoji, hakuwa na mtoto bado, na mimi alinifanya wake. Siku hiyo tulikuwa tukitoka shamba. Kata yetu ilikuwa imevunjika, nami nalilia maji, basi akachota kwa chungu alichobeba, akaninywesha. Masizi yalikuwapo kweli.

"Mie ndiye niliyekunywa," niliwaambia wanawake pale mashimoni. "Nilikuwa na kiu."

"Basi ulikunywa ya sote, mwanangu," Bi Zuwena alijibu, wala hakuwa na hasira.

Watu walipeleka ubani na uji mweupe chemchemini. Msikitini ikasaliwa sala ya mvua. Mawingu yalikuja, yakatupita, yakaenda zake baharini. Ndipo ikasemwa waziwazi kwamba mwenyewe hatarudi maadamu aliyemuudhi bado yupo.

Bibi yangu, mama yao baba na Ami Hamadi, alikataa.

"Mto huu ulikauka mie mwari," alimwambia Ami. "Ukakauka tena nina mimba yako weye. Hatukumfukuza mtu, tulingoja. Ukimtoa Mize na mvua ikanyesha, mtadhani mmepata dawa. Utakauka tena, kisha mtasema nini?"

Ami Hamadi alimsikiliza kwa adabu. Lakini pale mashimoni wenzake Bi Mize walikuwa wakimruka zamu yake, na barazani wanaume walinyamaza kila Ami alipofika. Asubuhi moja akampa mkewe talaka pale uani, kwa sauti ndogo, macho chini. Bi Mize alifunga nguo zake katika kanga. Nilikuwa nimemng'ang'ania.

"Usilie," aliniambia. "Utapata kiu."

Masika ilichelewa, lakini ilikuja kwa nguvu. Mto ukafurika, Bi Zuwena akapiga vigelegele, na Bibi akaendelea kuchambua mchele wake.

Vuli iliyofuata haikuja tena. Mto ulikauka mapema kuliko mwaka uliotangulia. Safari hii mashimoni hapakuwa na maneno. Kila mwanamke alimtazama mwenzake kisha akainama, akihofu asije akatajwa yeye. Hakutajwa mtu.

Ami alimwomba Bibi afuatane naye hadi Vitongoji, nami wakanichukua. Tulimkuta Bi Mize kwao, anamenya muhogo. Alitupa maji kabla hatujaketi.

"Nimekuja kukuposa upya," Ami alisema.

"Mto wenu una maji?"

"Umekauka."

"Ungekuwa na maji, usingekuja." Kisha akamgeukia Bibi. "Mama, nisamehe. Sina ugomvi nawe. Ila siwezi kukaa kwa mume huku natazama mawingu kila asubuhi."

"Hukukosea, mwanangu," Bibi alimwambia. Tulirudi kwetu.

Tangu siku zile nimeuona mto ule ukikauka na kurudi, na kila urudipo huwa mwembamba zaidi. Miti ya chemchemini imekatwa. Siku hizi huwa na maji masika tu. Yule mwenyewe sijawahi kumcheka. Waliomwogopa angalau hawakugusa miti yake. Lakini mvua ilikuwa ikienda na kurudi kwa hesabu zake, na sisi tukamdai mtu.

Bi Zuwena aliishi sana. Karibu na mwisho wake nilikwenda kumtazama, akanishika mkono, akamtaja Bi Mize bila ya mimi kumuuliza.

"Tulijua si yeye," alisema. "Tulichoka, mwanangu. Na yeye ndiye asiyekuwa na ndugu hapa."

Nilitafuta hasira ya kumjibu, sikuiona. Nilimtandikia kitanda, nikamnywesha uji, nikakaa naye mpaka akasinzia.